Faluda ya Idi, 1972

Sheikh Swaleh, nimetoka sasa hivi kwa dada yangu Zubeda, hapa Kisii mjini. Bado siamini.

Mkwewe Mong'ina, mke wa mwanawe, aliyesilimu juzi kwa ajili ya ndoa, alituandalia faluda, maziwa yaliyogandishwa kwa mwani. Tulipokwisha kula, Zubeda alikata kipande akakitia katika maji ya vuguvugu. Kikayeyuka chote.

"Mwani hauyeyuki mpaka maji yachemke," akasema mbele ya wageni. "Hii ni jelatini, mifupa ya nguruwe. Rudi kwenu Manga ukawapikie Wasabato wenzako."

Ukawapikie Wasabato, Swaleh. Binti akajibu kwa upole, "Mama, hata baba yangu, Msabato, hali nguruwe." Wageni wakamcheka.

Mumewe hakuuliza lolote. Alisema, "Nimekuacha," na binti akatoka bila viatu.

Nilimfuata Zubeda jikoni. Nikamuuliza aliwezaje kushuku chakula kilichopikwa nyumbani mwake.

"Pakiti niliinunua mimi dukani kwa Lalit," akanijibu, akiosha bakuli. "Nikamwambia ni mwani. Hukuona kwamba mimi sikuonja?"

Sikuona, Swaleh. Nilikuwa nikiomba bakuli la pili.