Rangi Hadi Chini ya Bolti

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Mgongo unauma, vumbi la msasa limejaa puani, lakini leo nacheka peke yangu kama mwehu. Mke wangu kapiga simu: nyumba imeezekwa! Ila hahamii. Bado analala kwa dada yake, na mlango mpya umesimama bila rangi. Watu wamejitolea kuupaka, kawakatalia wote. "Mume wangu kazi yake rangi, halafu mlango wangu upakwe na jirani? Njoo, Jumapili tuhamie."

Jumapili hii!

Na usafiri ninao. Lile gari jekundu la mbio, la Bibi, mteja wetu hapa gereji. Alishindana nalo kabla mimi sijazaliwa, leo ana mvi tupu na bado anavaa glavu akishika usukani. Anakuja kulichukua Jumamosi, na njia yake inapita kwetu. Kasema nipande naye. Bosi kakubali kwa sharti moja: gari likitoka, na mimi nitoke. Likibaki, kuna lori zima linasubiri msasa wangu.

Hiyo rangi, acha nijisifu, hapa hakuna wa kunicheka. Nililikwangua hadi bati tupu, nikapaka kila mahali. Ndani ya boneti, ndani ya buti, hata chini ya bolti zinapofungwa nyaya. Pasipoonekana ndipo fundi hujulikana.

Jumanne, 4 Machi

Volti, fundi wetu wa umeme, kamaliza kurudisha nyaya. Kaliwasha — mngurumo unaingia hadi kifuani! Kazunguka nalo mtaa. Kwenye kona, kimya. Limezima. Kangoja, likawaka lenyewe kama halijafanya kitu. Mbele kidogo, likazima tena. Anasema pampu ya mafuta. Kaweka nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Si pampu.

Leo ni vituko. Ukikanyaga breki, waipa zinapunga mkono. Ukiwasha endiketa, honi inalia kidogo kama mbuzi mwenye mafua. Gereji nzima hoi kwa kicheko, Volti peke yake kanuna. Nikamwambia, "Kaka, hilo gari lina mashetani, litafutie mganga."

"We Rangi, nenda kalambe brashi zako."

Nikamjibu kwamba rangi yangu haijawahi kuzima gari la mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Limezima kutwa nzima. Volti kabadilisha fyuzi, kabadilisha swichi, kabadilisha hadi kofia. Mke kauliza mlango utakuwa rangi gani. Nimesema nyekundu, limebaki kopo. Habari za gari sikumwambia. Ningeanzia wapi? Lori limeshaegeshwa uani. Linanitazama.

Ijumaa, 7 Machi

Siku gani hii!

Bibi kafika leo, siku moja mapema. Shikamoo, marahaba, mkoba chini, glavu mkononi. Kaliwasha, kakanyaga breki, katazama waipa. "Linanipungia," akasema. "Limenimisi." Feni ya rejeta ilipoanza tu kuzunguka, gari likazima.

"Umeme unakwenda, haurudi," Bibi akasema. "Ardhi yake iko wapi?"

Volti akamwonyesha waya mweusi unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi. "Hii hapa, Bibi. Umeme wote unarudi kwa njia hii. Nimeikaza mwenyewe."

"Ifungue."

Akafungua. Bibi akachungulia. Chini ya bolti palikuwa pekundu, panang'aa kama sahani. Bati halionekani hata kwa dawa.

"Umeme haupiti kwenye rangi, wajukuu zangu. Meno ya bolti yanagusa kidogo, yanaachia, ndiyo maana mara linawaka, mara linazima. Nani kapaka humu?"

Nilitamani kujifungia ndani ya kopo. "Mimi, Bibi."

Volti akakaa juu ya tairi, akacheka hadi akashika mbavu. "Nyani haoni kundule! Siku zote nafukuza shetani, kumbe shetani ndiye ananishikia tochi!" Bibi naye akaangua. Mimi pia, ningefanyaje? Bibi akasema hajawahi kuona rangi nzuri hivyo chini ya bolti.

Nikakwangua kazi yangu kwa mkono wangu, mpaka bati likatoa macho. Volti akafunga. Breki — waipa zimetulia. Feni ikazunguka, injini inanguruma tu! Tukazunguka mtaa, Bibi anapiga honi bila sababu yoyote. Bosi katazama lori, kanitazama mimi. "Haya, nenda."

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia gotini, kando ya barabara. Nusu ya njia tumeshaipita. Tangu alfajiri tumeruka kama mshale! Bibi akiendesha haongei, anaimba. Mimi kopo miguuni, msasa wa mlango mfukoni. Halafu, kwenye mteremko — kimya.

Bibi akanitazama. Nikatazama nje.

"Mjukuu wangu. Pampu ya mafuta si ina ardhi yake pia? Huko kwenye buti?"

Ina. Palikuwa na kona nzuri, nilipapaka mara mbili.

Kacheka hadi miwani imedondoka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama!" Nimeinama, nimefungua: pekundu, sahani tupu. Nimekwangua kwa nusu ya msasa wa mlango. Bolti anakaza Bibi mwenyewe, spana kaninyima.

Mke kapiga: uko wapi? Nikamweleza yote, kuanzia waipa. Kicheko chake! Kampa simu dada yake naye acheke. "Sasa mlango wangu, tundu la ufunguo uliache wazi, tusije tukalala nje."

Bibi anauliza kama kuna bolti nyingine niliyopaka rangi chini yake. Nakumbuka moja, ya taa za mbele. Sijamjibu bado. Msasa uliobaki ni wa mlango, huo siugusi.

Injini imewaka. Ananiita. Nyumbani nitafika leo leo, kabla ya giza.

Lazima iwe kabla ya giza.