Mama Yangu kwenye Picha ya Salma

Bagamoyo, Jumamosi

Tena picha yenyewe nzuri, ndiyo inayoniuma. Tangu nihamie mji huu nazunguka kwenye maonyesho nijue wenzangu wanachora nini, na leo nikaenda kwenye ya Salma, mchoraji ninayepanga naye nyumba moja.

Picha kubwa kuliko zote ni mama yangu mzazi, kule Saadani, akianika samaki. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka Salma kwetu akapumzike! Nilitafuta kosa, sikuliona. Hata kanga kaichora imefungwa kiunoni kama anavyoifunga mama.

"Hongera mwaya," nikamwambia. Tabasamu lilinichoma mashavu.

Niliporudi nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Mbona ulikubali Salma akuchore?"

"Marahaba mwanangu. Kaniomba, nikamkalia siku mbili."

"Na mimi je? Si mchoraji?"

"Wewe hujaniomba hata siku moja. Kila ukija unanipa mgongo, unachora bahari."

Nikamuaga, nikakata simu. Salma anaimba huko jikoni. Bahari zangu zote nimezigeuzia ukutani.