Mshubiri Usiolia

Jumatano, 2 Juni 1971
Kuna mche mpya kwenye kaburi la kaka Ishmael. Mshubiri. Majani sita, madoadoa meupe. Jana jioni haukuwepo! Ule aliopanda Mama uko kichwani. Huu umepandwa miguuni. Nilimwita Mama. Alisimama mbali, mkono mdomoni, akakataza mtu yeyote kuugusa. Gesare, mke wa kaka, hakutoka hata kuangalia. Alikuwa akimenya ndizi.

Ndani ya lile kaburi hamna mtu. Machimbo ya mawe ya Tabaka yalipoporomoka miaka miwili iliyopita, hawakumpata Ishmael, wala kiatu chake. Wazee wakazika shina la mgomba badala yake. Mchungaji aliomba sala fupi, macho wazi.

Ijumaa, 4 Juni
Bayolojia. Mwalimu Obwocha anasema mshubiri, kitunguu na yungiyungi ni ukoo mmoja! Orpah, jirani yangu wa dawati, akauliza kama tuanze kukaangia nyama shubiri. Tulicheka sote, hata Mwalimu.

Kisha akatuonyesha mikebe yake ya mafuta ya Kimbo dirishani. Mshubiri mmoja wa Manga, mmoja wa hapa Sironga, mmoja wa Tabaka. Bado michanga, yote inafanana. Ikiwa hakuna ua, anasema, usiamini sura: kata jani, tazama ndani. Wa Sironga una seli kubwa laini kando ya kila mshipa, ndizo zenye utomvu wa manjano. Wa Tabaka, mahali hapo pana kofia ya nyuzi ngumu. Utomvu hakuna.

Nikaufikiria ule mche wa kaburini.

Sabato, 5 Juni
Nilisema tumbo linauma. Walipokwenda kanisani nikachukua wembe. Ncha ya jani moja tu — Mungu anisamehe, siku ya Sabato! Wa Mama ukikatwa hulia manjano papo hapo. Huu haukulia. Mkato mkavu, kama nimekata sabuni.

Jioni Mama aliuona. Hakuuliza ni nani. Alisema kitu kikikatwa kisipolia, hicho ni cha ekerecha, mzimu usiopumzika. Hakula.

Jumanne, 8 Juni
Nilibaki baada ya masomo, na ile ncha ya jani kwenye karatasi. Mwalimu alinilengea hadubini. Kofia za nyuzi! Kila mshipa na kofia yake. Tukatazama jani la mkebe wa Tabaka. Sawasawa, hata vitundu vya kupumulia, kila kimoja na vijinundu vinne kukizunguka.

Akauliza nimeutoa wapi. Nikasema nyumbani. Akasema ule wake aliuchimba ukingoni mwa machimbo, hajauona kwingine. Halafu kwa upole: hajauona, hakusema haupo.

Nimerudi bila kuona njia. Mtu ameutoa kule akaja nao hapa. Anajua kaburi liko wapi. Anajua pa kupita kwenye mashamba ya chai asionekane.

Alhamisi, 10 Juni
Nyangate, binamu yetu, amekuja na wazee. Imepangwa: Jumapili anamrithi Gesare. Akaniona na kitabu. Eti, "Msomi! Bado unahesabu majani? Kaka yako mpya ndiye huyu, nisalimie vizuri!" Nikatazama chini.

Kama Ishmael yu hai, Gesare ni mke wa mtu. Lakini Mama husema aliyekwisha kuzikwa akirudi, watu humkimbia. Nikaenda kuteka maji mpaka wakaondoka.

Jumapili, 13 Juni
Nimemwambia Gesare! Jikoni, asubuhi — mishipa, nyuzi, Tabaka, yote kwa pumzi moja. Hakushtuka. Aliendelea kusonga ugali wa wageni. Akasema huu ni wa tatu. Miwili ya kwanza aliing'oa mwenyewe kabla hatujaamka, akaitupa chooni. Huu niliuona mimi kabla yake, ndiyo maana umebaki.

"Kwa hiyo ni yeye, wifi?"

"Aliye hai hubisha mlango, Mokeira. Miaka miwili nimelala nikisikiliza. Anayepanda kaburini, na akae kaburini."

Akanipa jembe. Niung'oe kabla Nyangate hajafika.

Nimekwenda. Sikuweza. Lile jani nililolikata limefungwa kwa kamba ya mgomba, kama kidole kilichoumia. Kamba bado mbichi. Nimemuuliza Mama kama ni yeye. Amejifunika leso usoni. Hajakaribia pale tangu ile Sabato ya wembe.

Naandika nyuma ya jikoni, jembe miguuni. Gesare amechungulia akiuliza kama nimeshaung'oa. Nyangate na watu wake wako langoni, nawasikia wakitaniana kuhusu mbuzi. Wote wako kule.

Lakini kuna mtu anabisha mlango wa nyumba ya Gesare. Polepole. Gesare amesikia, mwiko umesimama mkononi. Ananitazama mimi. Mlango unabishwa tena —