Sauti Iliyobaki Kwenye Filamu

Cottbus, 14 Oktoba 1998

Dada yangu mpenzi Roswitha,

Salamu zikufikie ukiwa mzima. Goti lako linaendeleaje? Na matango ya siki, umeyawahi kabla ya baridi? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umepata mshtuko, na tangu Jumamosi haujatulia.

Unajua makumbusho ya hapa yaliandaa maonyesho ya kazi zangu za miaka arobaini: picha za wachimba makaa, za wafumaji, na filamu ya kubomolewa kwa kijiji chetu kupisha mgodi wa makaa, ile iliyonipa jina. Watu walifurika. Mwalimu wetu, Bibi Noack, alinitania mbele ya wote: “Wewe Eckart, darasani hata kalamu ilikushinda, leo unajifanya mtu mkubwa!” Tukacheka.

Kisha mtunza filamu akatangaza kwamba amepata vipande visivyowahi kuonyeshwa. Nilidhani vilitupwa zamani. Kwenye skrini akatokea Jurij wako, mumeo, anatoka nyumbani kwao na saa ya ukutani mikononi, nyuma yake ukuta umepasuka. Mara ikasikika sauti. Ilikuwa sauti yangu: “Shemeji, hebu rudi ndani utoke tena. Jua lilijificha.”

Jurij akacheka. “Haya bwana, lakini leo bia unanunua wewe!”

Akarudi ndani na saa yake. Ukuta ukaporomoka.

Bibi Noack akanigeukia, akaniuliza polepole, “Si ulituambia alirudi mwenyewe, kufuata picha ya mama yake?”



Dada, nawe nilikuambia hivyohivyo, siku ya mazishi, nimekushika mkono. Miaka ishirini na miwili umemlaumu marehemu kwa ukaidi wake, ukakataa kila mchumba aliyekuja. Jurij hakuwa mkaidi. Nilimrudisha mimi, kwa ajili ya mwanga mzuri, kisha nikamsingizia maiti.

Mtunza filamu aliniuliza kama akikate kipande hicho. Nimemwambia akiache, na sauti yake, kila mtu asikie. Ila nilitaka wewe uyapate haya kwangu kabla hujayapata barabarani.

Jumapili nitakuja kwa treni ya asubuhi. Usiponifungulia mlango, sitagonga mara ya pili.

Wasalimie majirani, na Mungu akupe nguvu za kuisoma barua hii hadi mwisho.

Mimi ndugu yako niliyekukosea,
Eckart