Maelezo ya Umi Osman Kuhusu Picha ya Kifua Yenye Jina Lake

Kituo cha Polisi, Mumias
Jina: Umi Osman
Umri: Miaka 26
Kazi: Fundi wa kushona nguo, soko la Mayoni
Makao: Mayoni, Matungu

Mnamo tarehe 3 Machi 2025 nilienda kliniki moja mjini Kakamega kupimwa afya ili nikafanye kazi za nyumbani Uarabuni. Nilipelekwa na ajenti aitwaye Elkanah, pamoja na msichana wa Butali, Namalwa. Tulipokuwa tukibadilisha nguo ili tupigwe picha ya kifua, Namalwa alishindwa kuinua mkono wa kushoto, nikamsaidia kuvua blauzi. Alisema alianguka kutoka trekta ya miwa akiwa mdogo, akavunjika mfupa karibu na bega. Alikuwa akikohoa pia. Alisema ni vumbi tu.

Tarehe 7 Elkanah alinipigia simu. Alisema, "Dada, umeanguka. Kifua chako kina TB. Namalwa amepita." Nyumbani nilianza kula peke yangu, nisiwaambukize watoto wa dada yangu.

Nilirudi kliniki nikapewa picha ya kifua yenye jina langu. Elkanah aliposikia alisema, "Hiyo itupe. Usizunguke nayo kwa madaktari." Hapo ndipo nilianza kushuku. Mgonjwa si huambiwa aende hospitali?

Tarehe 11 niliipeleka hospitali ya serikali. Daktari aliitazama, akaniuliza, "Huu mfupa wa bega ulivunjika lini?" Nilimjibu sijawahi kuvunjika. Akaagiza nipigwe picha nyingine, na makohozi yapimwe. Mifupa yangu ni mizima na kifua ni safi. Alisema, "Mama, hii ya kwanza si yako."

Sikumwambia Elkanah. Hata hivyo, kesho yake jioni alikuja nyumbani akamwambia mamangu kwa upole, "Mama, mwambie Umi anyamaze. Namtafutia nafasi nzuri kuliko ile."

Sijui nani alibadilisha picha, wala kama Namalwa alijua.

Jana, tarehe 16 Aprili, Namalwa alinipigia kutoka Uarabuni. Alisema analea mtoto mchanga. Alikuwa anakohoa sana. Nikamwambia, "Nenda hospitali. Ile picha mbaya ilikuwa yako." Akacheka. "Umi, wacha wivu. Mimi si nilipita?" Akakata simu.

Ile nafasi siidai tena. Naomba Namalwa atafutwe apewe dawa, na huyo mtoto aangaliwe.

Nimesomewa niliyoyasema na ninayakubali kuwa yangu.

(Sahihi) Umi Osman

Yameandikwa nami, Konstebo Kipsang, tarehe 17 Aprili 2025. Nimepiga nambari aliyoitumia Namalwa jana, mbele ya Umi. Amepokea mwanamke mwingine, akasema hapo hakuna mtu wa jina hilo.