Ruhusa ya Kuwinda Kulungu

Dada Aili,

Mgongo unauma na magogo hapa kiwandani hayaishi, ila nakula vizuri. Mama yake Reino amefariki. Unajua alivyoniita mwanangu tangu mimi na Reino tuanze kuishi pamoja, miaka kumi na miwili sasa.

Nilimwendea nyapara wetu, Bwana Harlan, nikaomba ruhusa ya kwenda kumzika mkwe.

"Mkwe gani? Umeoa lini wewe?"

"Mama yake Reino."

"Waino, sheria haitambui ndoa ya wanaume wawili. Kwa kampuni, huyo mama ni jirani yako tu. Ukiondoka, kazi huna."

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka kwamba kesho yake, katikati ya Novemba, msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa, na siku hiyo huku Michigan ya kaskazini kila mtu huingia porini, hata mchungaji wa kanisa haulizwi alipo.

"Basi naomba kwenda kuwinda."

"Si ungesema mapema," akajibu. Akanipa siku tatu, na bunduki yake juu.

Nilisimama kaburini na koti la kuwindia, rangi ya chungwa kali. Reino alikuwa analia. Aliponiona akacheka, kisha akalia tena.

Niliporudi, Harlan akaniuliza, "Umepata nini?"

"Nimemzika mkwe wangu."

Akapokea bunduki yake. "Baba yake Reino bado yupo?"

"Yupo, ila ni mgonjwa."

"Mwambie ajikaze mpaka Novemba ijayo, msimu ufunguliwe tena."

Nimemfikishia mzee ujumbe. Anasema atajitahidi.

Mdogo wako mchovu,
Waino