Fimbo Mbili Juu ya Theluji

Buhembe, Bukoba
3 Machi 1968

Mdogo wangu mpendwa Mutalemwa,

Pokea salamu tele za kaka yako Projestus, utingo wa lori la kahawa, mtu aliyefika Kampala mara nyingi hata mbwa wa kule wameacha kumbwekea. Mimi ni mzima, ila tumbo linanung'unika, maana matoke ya hotelini hayana mkono wa Mama. Wewe hujambo? Kidonda kimefunga? Mama je, bado anagombana na kuku wa jirani? Na wenzako wa shamba la pamoja, wameshaezeka ile zahanati iliyokula mguu wako? Wasalimie wote, na waambie lile gogo lililokuangukia wasilifanye kuni. Nina neno nalo.

Jirani yako Datius alinifikishia ujumbe wako. Kwamba niende kwa Mzee Rugemalira, Kagondo, nimwambie umemwachilia binti yake Adventina atafute mume mwenye miguu miwili. Kwamba mila yetu inamtaka bwana harusi asimame mbele ya wakwe, apige mkuki chini, ajigambe kwa ushujaa wake, na wewe huwezi kujigamba ukiwa umening'inia kwenye magongo kama nguo iliyoanikwa. Datius aliongeza kwamba tangu utoke hospitali hujavuka mpaka wa kibanja chetu cha migomba. Nimesikia yote. Jibu linakuja, lakini vumilia kwanza, maana kaka yako ameiona theluji.

Usicheke. Unamkumbuka Burhani, fundi redio. Sasa ana televisheni, kisanduku chenye kioo usoni, na juu ya paa amesimamisha mwanzi mrefu wenye waya unaokamata picha za Uganda kutoka ng'ambo huko. Picha zikipotea, mtu anapanda kuuzungusha mwanzi, na sisi uani tunampigia kelele kana kwamba anachunga ng'ombe wetu. Mkewe, Siti, anatugawia kahawa ya kutafuna. Basi nikasikia kwamba Mzee Rugemalira angepita hapo jioni kuchukua redio yake. Nikasema vema, nitamngoja hapohapo nimpe ujumbe wako.

Jioni hiyo ilikuwa michezo ya majira ya baridi, kutoka Ufaransa. Ndugu yangu, theluji inaanguka kama senene wa Novemba, hata bibi mmoja akauliza kama inaliwa. Watu wanavaa mbao miguuni, wanateremka mlima kwa mwendo ambao lori letu halijaupata hata breki zilipokatika. Wengine wanaruka kutoka juu, wanakaa hewani mpaka unamaliza kutafuna kahawa yako. Nilipenda, sikufichi. Mzee hakutokea, nikapata sababu ya kurudi, siku tatu nilikwenda, na kazini nilikuwa nikieleza kama mtu aliyezaliwa huko.

Lakini moyo nao ulikuwa ukiniuma. Bendera zilipita za nchi ambazo hata mwalimu wetu wa darasa la nne hakuwahi kuzitaja, yetu nikaingoja mpaka mwisho. Uhuru tumepata, Azimio la Arusha tumeliunga mkono kwa matembezi ya miguu, na theluji tunayo, iko Kilimanjaro, tumewaachia watalii waikanyage. Nikawa nashangilia huku nimenuna, kama mtu anayecheza ngoma kwenye harusi ambayo hakualikwa.

Siku ya tatu ukaja mchezo wa mbio ndefu. Hawateremki, wanakwenda tambarare na kupanda vilima, na kila mmoja ana fimbo mbili, anajisukuma nazo. Mwisho kabisa, wenzake wameshafika, akatokea mmoja peke yake. Ameanguka, ameinuka, anakuja na fimbo zake. Na picha ilijaa chenga, theluji nyeupe pe, yeye mweusi tii. Nikaruka nikasema huyu ni wetu. Ua mzima ukakubali, hata Burhani, ambaye huwa hakubali kitu mpaka akifungue kwa bisibisi.

Mtu wetu hawezi kufika mbele za watu pasipo kujigamba, na yule alikuwa mbali, hana wa kumsemea. Nikanyakua ufagio wa Siti, nikaupiga chini kama mkuki, nikajigamba kwa niaba yake. Jina lake sikulijua, nikatumia la kwako. Nikasema mimi ndiye Mutalemwa wa Ngenge, niliyelaliwa na gogo nikaliuliza kama limechoka. Niliyeacha mguu mmoja kwenye msingi wa zahanati ili watoto wa wengine watembee na miwili. Watu wakaitikia mpaka waya ukatikisika.

Yule bwana akafika, akavua kofia na miwani. Nywele nyeupe kama nyuzi za mkonge. Mzungu mtupu. Picha ile inamfanya kila mtu mweusi. Walinicheka, ndugu yangu, mpaka leo sokoni wananiita kocha. Nilitaka kurudisha ufagio niondoke, lakini nikafikiri kwamba yule naye amefika, na majigambo yakishatamkwa hayamezwi tena.

Sasa nikuambie nililoficha tangu mwanzo wa barua. Mzee Rugemalira alikuwa amesimama nyuma yangu na redio yake kwapani. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama yale ya gogo na mguu ni ya Mzungu au ni ya mkwe wake. Nikamwambia ni ya mkwe wake. Akasema basi umeyasema vizuri, ila umemwibia mwenyewe. Mwambie aje kwangu Jumapili inayofuata Pasaka, ayaseme kwa mdomo wake. Nikamuuliza habari ya mkuki. Akasema waitu, mwanangu, mwenye fimbo mbili atapiga chini mara mbili.

Kwa hiyo ujumbe wako sikuufikisha, na sitaufikisha. Ukiutaka ufike, uvushe mwenyewe mpaka Kagondo. Lori litapita Ngenge Jumamosi ya kuamkia Jumapili hiyo, na dereva amekubali ukae mbele, mimi nitapanda nyuma juu ya magunia.

Msalimie Mama, mwambie anibanikie ndizi nikija. Pamoja na barua hii Datius anakuletea kifurushi. Ndani mna mito miwili midogo ya kitambaa cha bluu, imejazwa pamba. Ameshona Adventina. Nilimuuliza ni ya nini, akasema nisihangaike, makwapa yako yatajua.

Ndimi kaka yako,
Projestus, kocha wa theluji